Pazia la dirisha kwa baridi ya Januari na jua la Julai: mwongozo kutoka Minnesota

Asubuhi ya Januari 30, 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na hapo upepo haujahesabiwa. Nilikuwa nimepanga nyumba Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, na dirishani nilikuwa nimetundika pazia zito jeusi lililofika sakafuni, nikijiona nimeshaishinda baridi. Nilipotaka kulifungua halikusogea. Nikavuta, likalia kama kitambaa kinachochanika. Upindo ulikuwa umegandana na kioo kwa barafu ya unene wa kidole, na maji yaliyotangulia barafu hiyo yalikuwa yameanza kulowesha plasta chini ya dirisha.

Baadaye nikaingia kwenye kazi hii hii ya kufunga mapazia majumbani, na kila msimu wa baridi nalikuta kosa langu kwa watu wengine, wengi wao Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia karibuni. Nimeandika hatua ninazofuata mimi. Ukiwa Fargo, Winnipeg au Ottawa zitakufaa vile vile.

Tofauti ya misimu huku si mchezo. Minneapolis ilishafika nyuzi 42 mwezi Julai 1936, na mji wa Tower, kaskazini mwa jimbo hili hili, ulishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Kwetu Mombasa pazia ni la sitara na pambo, na likipepea kwa upepo wa kusi ndiyo raha yenyewe. Huku ukiona pazia linapepea na dirisha limefungwa, ujue kuna ufa.

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba karibu 30% ya nishati ya kupasha nyumba joto hupotelea madirishani. Kiangazi mambo yanageuka: karibu 76% ya jua linalopiga dirisha la kawaida la vioo viwili hupenya na kuwa joto ndani ya nyumba. Pazia lako basi lina mabwana wawili wasioelewana, na ndiyo maana kuchagua kwa rangi na bei peke yake huwa kunamtokea mtu puani.

Hatua ya kwanza: jua kila dirisha linatazama wapi

Fungua dira kwenye simu, simama mbele ya kila dirisha, andika kwenye karatasi: hili kusini, lile magharibi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunaiona kazi hii ya bure, kwa sababu kwetu jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Minneapolis iko latitudo ya 45 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi 21 hivi tu kutoka upeo wa macho, linapita upande wa kusini likichungulia kama mtu nyuma ya ua, na mwanga wake unaingia mpaka ukuta wa pili wa sebule. Mwezi Juni linapanda nyuzi 68, na ukingo wa paa mara nyingi hulizuia kabla halijafika kwenye kioo cha kusini.

Lakini Juni hiyo hiyo linachomoza kaskazini-mashariki kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama kaskazini-magharibi saa tatu usiku. Ndiyo, jua la saa tatu usiku. Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwenye simu alidhani nimechanganya saa za Kizungu na zetu. Desemba limeshatua kwenye saa kumi na nusu.

Ukishaandika, tafsiri yake ni hii. Dirisha la kusini ni rafiki wa msimu wa baridi, kwa hiyo pazia lake lazima liweze kufunguka lote ili jua liingie. La magharibi ndilo linalochemsha chumba Julai, na la mashariki ndilo linalokuamsha alfajiri. La kaskazini halikupi joto lolote la maana msimu wa baridi, kazi yake ni kulipoteza tu. Hapo unahitaji pazia linalokinga kuliko yote, na huna haja ya kulifungua sana.

Ukiwa bado unazunguka, fanya majaribio mawili. Usiku, washa tochi ndogo karibu na kioo uhesabu vimulimuli vinavyoakisi. Kila kioo kinatoa viwili, hivyo vinne maana yake dirisha lina vioo viwili. Kimoja kikiwa na rangi tofauti na vingine, dirisha limepakwa utando mwembamba wa kurudisha joto, na hiyo ni bahati yako. Jaribio la pili nalifanya kwa kijiti cha udi. Siku ya upepo, kipitishe polepole kuzunguka fremu. Moshi ukienda wima, sawa. Ukikatika au kukimbilia ndani, weka alama kwa penseli.

Hatua ya pili: ziba kabla hujanunua

Pazia halizuii upepo unaoingia kwenye ufa. Kwanza funga komeo la dirisha. Madirisha mengi ya kuteleza juu na chini yanavuja kwa sababu tu komeo halijazungushwa mpaka mwisho, na komeo ndilo linalozibana fremu mbili zishikane. Kisha bandika utepe wa sponji kwenye alama zako za penseli. Kwa dirisha bovu kabisa nunua ile nailoni nyembamba ya dirisha inayouzwa na tepu ya pande mbili. Ibandike kwenye fremu, ipulizie draya ya nywele mpaka ikaze kama ngozi ya ngoma. Inakaa kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili, na pazia linafungwa mbele yake bila shida.

Mpangaji, hizi ni kazi unazoweza kuzifanya bila kumuuliza mtu. Kutoboa fremu kwa drili ni habari nyingine. Soma mkataba, au mwandikie mwenye nyumba upate jibu la maandishi. Tazama pia kama mkataba unadai pazia liwe jeupe upande wa barabarani, maana majengo mengi yana sharti hilo.

Hatua ya tatu: chagua aina

Hapa ndipo penye maneno.

Nikiambiwa nichague pazia moja tu kwa hali hii ya hewa, nachukua pazia la sega. Dukani halina jina la Kiswahili, lakini ukilitazama ubavuni utaona kwa nini naliita hivyo: kitambaa kimekunjwa kikaacha vijumba vitupu vilivyopangana kama sega la nyuki. Hewa iliyonaswa ndani ya vijumba hivyo haitembei, na hewa isiyotembea ni blanketi. Idara ile ile ya Nishati inasema sega likifungwa kwa kubana linaweza kupunguza joto linalopotea dirishani kwa 40% au zaidi, na kiangazi linaweza kuzuia hadi 80% ya joto la jua. Shika neno "kubana". Nitalirudia.

Masega yako ya safu moja na ya safu mbili. Muuzaji atakusukumia ya safu mbili. Ni bora, hilo sibishi, lakini kwa macho yangu safu moja iliyobana vizuri inaishinda safu mbili iliyoachwa na mwanya wa kidole kila upande. Pesa ya safu ya pili ningeitia kwenye reli za ubavuni, zile njia za plastiki zinazobandikwa kulia na kushoto mwa fremu ili kingo za pazia zitembee ndani yake. Masega ya giza, kwa kawaida yenye utando wa kung'aa ndani ya vijumba, hukinga baridi kuliko yale yanayopitisha mwanga.

Pazia la kuviringisha ni kitambaa kimoja kinachozungukia bomba. Ni rahisi, safi, halishiki vumbi, na dhidi ya baridi halifanyi kazi kubwa, kwani kitambaa kimoja ni kitambaa kimoja. Sifa yake iko kiangazi. Likiwa na mgongo mweupe linarudisha jua nje kupitia kioo kabla halijawa joto. Jeusi linapendeza kwenye picha, ila linakunywa jua lote na kugeuka pasi inayoning'inia sebuleni.

Kuna ndugu yake, pazia la wavu wa jua, linalouzwa kwa asilimia: 1, 3, 5, 10. Asilimia hiyo ni matundu. La 5% linakata mng'ao, nawe bado unaona barabara. Wenzetu wanalipenda kwa sitara, na hapo nalazimika kuwaonya. Mchana unamwona jirani naye hakuoni. Jua likizama ukawasha taa, mambo yanapinduka: wewe huoni kitu nje na yeye anakuona mpaka rangi ya leso uliyojifunga. Nimeitwa mara mbili na familia zilizogundua hilo baada ya miezi. Ukilitaka, weka na la pili la kufunika usiku.

Blaindi za vipande vya kulala ndizo utakazozikuta kwenye nyumba nyingi za kupanga. Kwa kuelekeza mwanga hazina mpinzani: pindua vipande juu, jua la Julai linapiga dari badala ya sofa. Kwa baridi ni sawa na kufunga mlango wa kimia, upepo unapita kati ya kila kipande. Za plastiki huwa kavu kwenye baridi kali na kukatika ukizishika kwa nguvu. Zikiwa kuukuu sana zing'oe. Mwaka 1996 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani iligundua risasi, ile metali ya sumu, kwenye blaindi za plastiki zilizoagizwa kutoka nje. Ilikuwa ikigeuka vumbi juu ya vipande kadiri jua lilivyoichakaza, na mtoto anayetambaa hulamba kila kitu.

Pazia la kitambaa, hili letu la kutundika, lisidharauliwe. Pekee yake linapunguza joto linalopotea kwa 10% hivi. Lakini likifika sakafuni au likakaa juu ya kizingiti cha dirisha, pande zote likagusa ukuta, na juu likafunikwa na ubao au kurudishwa mpaka ukutani, linageuka kitu kingine. Sababu ni hii: hewa iliyo kati ya pazia na kioo inapoa, inakuwa nzito, inashuka na kumwagika chini miguuni mwako, na hewa ya joto inaingia kwa juu kuchukua nafasi yake. Ni pampu. Juu pakizibwa, pampu inasimama. Unaweza kuliona kwa macho: usiku wa baridi peleka kile kijiti cha udi juu ya fimbo ya pazia, utauona moshi ukivutwa kwenda kioo.

Kinachoizidi kila aina kiangazi ni kivuli cha nje, kwa sababu jua likishavuka kioo tayari limeingia. Turubai, wavu unaofungwa nje ya dirisha la magharibi Mei na kuondolewa Septemba, au mti unaopukutisha majani. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana njia hizo, najua.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye boksi lebo ya AERC, baraza la Marekani linalopima uwezo wa mapazia kuokoa nishati. Lebo ina alama mbili, moja ya sehemu za baridi na nyingine ya sehemu za joto. Kwa Minnesota natazama ya baridi kwanza, kwani msimu wa kuwasha hita ndio mrefu. Kwa dirisha la magharibi tu natazama ile ya joto.

Hatua ya nne: gawa kwa vyumba

Usinunue pazia la aina moja kwa nyumba nzima kwa kuwa limeshuka bei.

Chumba cha kulala cha anayefanya kazi usiku ndicho cha kwanza kupewa pesa. Wengi wetu hapa tuko kwenye nyumba za wazee na hospitali, zamu inaisha saa moja asubuhi, na Juni wakati huo jua limeshakuwa juu saa moja na nusu nzima. Weka sega la giza lenye reli za ubavuni, kisha pazia la kitambaa mbele yake linalozidi fremu kila upande. Sega lililofungwa ndani ya fremu bila reli lina mistari miwili ya mwanga kuliani na kushotoni, na mistari hiyo ndiyo inayokuzuia kulala. Dada mmoja alikuwa akibandika karatasi ya aluminiamu ya kufungia nyama kwenye kioo. Ilifanya kazi, mpaka barua ya mwenye nyumba ilipofika.

Sebule ya kusini: sega linalopitisha mwanga, la aina inayoshuka kutoka juu na kupanda kutoka chini. Unafunika nusu ya chini kwa sitara, juu unaacha wazi jua la Januari limwagike ndani. Kwa nyumba iliyo karibu na njia ya watembea kwa miguu sijui kitu bora.

Jikoni juu ya sinki, chochote kinachofutika. Bafuni, kisichonyonya maji.

Chumba cha kulala kilicho chini ya ardhi kina dirisha ambalo ndilo njia yako ya kutokea moto ukizuka. Pazia lake liinuke kwa mkono mmoja gizani, na usilizuie kwa reli iliyopigiliwa mbele ya kioo.

Hatua ya tano: pima

Tumia tepu ya chuma. Ile laini ya fundi cherehani inavutika, na hapa tunahesabu hadi thumni ya inchi, kama milimita 3. Maduka ya huku yanataka inchi, na upana unatangulia urefu. Ukiandika 36 kwa 60 ulipotaka 60 kwa 36, watakukatia ulichoandika, na pazia lililokatwa kwa kipimo halirudishwi.

Kufunga ndani ya fremu: pima upana juu, katikati na chini, chukua mdogo kuliko yote. Pima urefu kushoto, katikati na kulia, chukua mrefu. Pima pia kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikipishana zaidi ya nusu inchi, fremu imekwenda upande, na nyumba kongwe za Minneapolis zimekwenda upande kweli kweli. Hapo funga nje ya fremu. Mwisho pima kina cha fremu, kuona kama vishikizo vina mahali pa kukaa. Kila pazia lina kina chake cha chini kabisa kilichoandikwa kwenye maelezo.

Kosa ninaloitiwa mara nyingi kuliko mengine yote ni la mtu mwangalifu. Anapima inchi 34 kamili, anajiambia pazia lisije likakwama, anaagiza 33 na nusu. Kiwandani wakiona umeagiza la ndani ya fremu, wao wenyewe wanapunguza kidogo ili litembee. Sasa limepunguzwa mara mbili, na mwanya unaobaki pande zote unaingia kidole. Kwa la ndani waandikie kipimo halisi cha uwazi, uwaachie wao kupunguza. Kwa la nje ya fremu hakuna anayepunguza, wanakata kile kile ulichosema. Hapo wewe ndiye wa kuongeza: inchi 3 kila upande, na juu vile vile kama ukuta unaruhusu.

Na tazama kikono. Madirisha mengi hapa yanafunguka nje kama mlango, kwa kuzungusha kikono kilicho chini. Kampuni mbili kubwa za madirisha Marekani, Andersen ya Bayport na Marvin ya Warroad, zote ni za Minnesota, na kikono cha namna hii utakikuta kila mtaa. Kinajitokeza na kulisukuma pazia lisishuke sawa. Nunua kile kinachokunjika, au pima kina kuanzia ncha ya kikono.

Hatua ya sita: funga kwa kubana

Tia alama za vishikizo kwa kipimamaji, toboa tundu dogo kwanza ili mbao isipasuke, kisha kaza skrubu. Bomba la juu likiwa limeinama hata kidogo, pazia la kuviringisha litatembea upande mmoja mpaka kitambaa kichakae ukingoni.

Likishashuka, zima taa mchana uangalie mwanga unapopenya. Panapopita mwanga, hewa inapita. Reli za ubavuni ndizo dawa, na kwa anayebana matumizi, utepe wa sponji mweupe uliobandikwa kwenye fremu nyuma ya ukingo wa pazia unasaidia kuliko unavyoonekana.

Angalia hita iko wapi. Nyumba nyingi zina matundu ya hewa moto sakafuni chini ya dirisha, na pazia refu likiyafunika, joto lote ulilolipia linapanda kati ya kitambaa na kioo na kutoka nje. Weka kipande cha plastiki cha kugeuza hewa kielekee chumbani. Kama ni hita ya umeme iliyo chini ya ukuta, pazia la kitambaa lisiifikie kamwe: mimi siachi chini ya inchi 6 juu yake wala chini ya 12 mbele yake, na nikikuta maelekezo ya hita yanataka zaidi nafuata hayo. Mahali hapo sega fupi la ndani ya fremu ndilo jibu.

Kuhusu kamba: watoto wamenyongwa na kamba za mapazia. Tangu Desemba 2018 kiwango cha Marekani kinataka mapazia yanayouzwa tayari dukani yasiwe na kamba za kuvuta, na tangu Juni 2024 kimebanwa zaidi hata kwa yale ya kuagiza. La mtumba au lililoachwa na mpangaji aliyetangulia halina habari na kiwango hicho. Lenye kitanzi, likatae. Kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha hata kama hakuna kamba.

Hatua ya saba: litumie

Idara ya Nishati inasema karibu 75% ya mapazia ya majumbani hukaa pale pale siku nzima, kila siku. Ndiyo nyumba nyingi ninazorudi kukagua. Pazia la pesa nyingi limefungwa mchana wa Januari huku jua linapiga kioo cha kusini, na mwenye nyumba amevaa koti ndani.

Msimu wa baridi fungua ya kusini jua likishapanda, yafunge yote linapozama, ambayo Desemba ni alasiri tu. Kiangazi anza na mashariki: yafunge kabla hujalala. Ya magharibi yafunge baada ya chakula cha mchana, usingoje chumba kichemke. Usiku nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha na mapazia yote uache nyumba ipumue.

Sasa nirudi kwenye barafu yangu. Pazia linapokinga joto, linakikinga na kioo pia, kwa hiyo kioo kinakuwa cha baridi kuliko kama kingekuwa wazi. Mvuke wa chumbani unapenyeza kingoni, unakutana na kioo, unakuwa maji, kisha barafu. Ikiyeyuka mchana maji yanaingia kwenye mbao, na baada ya wiki chache unaona madoa meusi ya ukungu pembeni mwa fremu. Mimi sikuwa na tatizo la pazia peke yake. Usiku ule nilikuwa nimechemsha maharage saa tatu mfululizo na kuanika nguo sebuleni.

Nunua kipima unyevu, ni kidogo na bei yake nafuu. Baridi ya kawaida 30% inatosha. Nje kukishuka chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri, jaribu kuuteremsha hadi 20%: washa feni ya jikoni unapopika na ya bafuni unapooga, zima mashine ya kutoa mvuke. Usiku wa baridi ya kupindukia inua pazia inchi moja kutoka kwenye kizingiti ili joto kidogo likifikie kioo. Unapoteza kiasi, unaokoa plasta. Asubuhi lifungue hata kwa saa moja, ufute kioo kwa kitambaa kikavu. Ukikuta limegandana, usivute kama mimi. Fungua mlango wa chumba, ongeza joto, ungoje.

Wakati wa kuagiza ni Agosti au Septemba mwanzoni. La kukatwa kwa kipimo linaweza kuchukua wiki kadhaa, na baridi ya kwanza ikigonga mji mzima unakumbuka madirisha yake siku moja.

Na Aprili utakuta kitu ambacho hakuna muuzaji atakutajia. Vijidudu vyekundu vyenye madoadoa, na wale weusi wenye mistari myekundu mgongoni, huingia nyumbani kujificha baridi, na vijumba vya sega ni hoteli yao. Ukilitazama pazia likiwa na jua nyuma yake unaviona vimelala kwa safu kama mbegu. Usivibinye, vinaacha doa. Livue kwenye vishikizo, lishike wima nje barazani, utie draya ya nywele upande mmoja wa kila kijumba, kwenye hewa ya baridi, usiweke moto. Vinatokea upande wa pili kimoja kimoja.